Uario

Uario ni mafundisho ya Ario, padri wa mji wa Aleksandria (Misri) katika karne ya 4, aliyesema kwamba Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, si wa milele kama Baba, bali aliumbwa naye kabla ya vitu vingine vyote. Jina hilo hutumika pia kwa misimamo mingine ya karne hiyo iliyokana usawa wa Mwana na Baba, ingawa si yote iliyotokana na Ario mwenyewe. Ubishi juu ya jambo hilo ulidumu miaka zaidi ya 60, na ndio uliowalazimisha Wakristo kueleza kinaganaga fundisho la Utatu.

Chanzo

Wakristo wa kwanza walikiri Mungu mmoja kama Wayahudi. Hata hivyo walimwabudu Yesu, na walibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Namna ya kupatanisha mambo hayo mawili haikuwa imeelezwa kwa maneno yaliyokubaliwa na wote.

Katika karne ya 3 Sabelio alifundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni namna tatu tu ambazo Mungu yuleyule anajionyesha. Fundisho hilo lilikataliwa, kwa kuwa lilifuta tofauti kati ya Baba na Mwana. Kuanzia mwaka 318 hivi, Ario aliona kosa hilohilo katika mahubiri ya askofu wake, Aleksanda, akampinga hadharani. Inasimuliwa kwamba aliyaweka mafundisho yake katika nyimbo ambazo hata mabaharia na wasaga nafaka waliweza kuziimba.

Hoja za pande mbili

Kwa Ario, Mungu ni yule tu asiye na chanzo. Kwa kuwa Mwana ametoka kwa Baba, ana mwanzo. Basi yeye ni kiumbe, ingawa ni bora kuliko viumbe vyote, na kwa njia yake Mungu aliumba vingine. Wafuasi wake walitegemea Mithali 8:22, ambapo tafsiri ya Kigiriki inasema Hekima iliumbwa. Yohana 14:28, ambapo Yesu anasema Baba ni mkuu kuliko yeye. Na Marko 13:32, ambapo Mwana haijui siku ya mwisho.

Wapinzani wake walijibu kwa Yohana 1:1, Yohana 10:30 na Waebrania 1:3. Walisisitiza kwamba kuzaa si sawa na kuumba. Seremala akitengeneza meza, meza haiwi mtu; lakini mtu akizaa, anazaa mtu kama yeye. Vivyo hivyo aliyezaliwa na Mungu ni Mungu, tena tangu milele, kama vile jua halijawahi kuwepo bila mwanga wake.

Nyuma ya hoja hizo kulikuwa na suala la wokovu na ibada. Kama Mwana ni kiumbe, Wakristo wanamwabudu kiumbe. Na kiumbe, ambaye mwenyewe anamhitaji Mungu, hawezi kuwaunganisha wengine na Mungu. Hoja hiyo ilitetewa hasa na Atanasi.

Mtaguso wa Nisea

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nisea (leo İznik, nchini Uturuki), kwa kuwa mgawanyiko ulihatarisha umoja wa dola lake. Walihudhuria maaskofu kati ya 250 na 318. Walitunga kanuni ya imani inayosema Mwana ni homoousios na Baba, yaani wa dhati moja naye. Maaskofu wawili wa Libya, Sekundo na Theona, walikataa kukubali, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Machafuko baada ya mtaguso

Neno homoousios halimo katika Biblia, na wengi waliogopa kwamba linarudisha kosa la Sabelio. Wengine walipendekeza homoiousios, yaani "wa dhati inayofanana". Maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu. Wengine walisema tu kwamba Mwana anafanana na Baba, na wengine kwamba hafanani naye hata kidogo.

Makaisari nao waliegemea huku na huku. Atanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328, alifukuzwa mara 5, akakaa uhamishoni jumla ya miaka 17 hivi. Kaisari Konstansyo II aliwaandikia hata watawala wa Aksum (Ethiopia) akidai wamrudishe askofu Frumensyo, kwa sababu aliwekwa wakfu na Atanasi.

Ubishi ulifika mpaka sokoni. Gregori wa Nisa alilalamika kwamba huko Konstantinopoli mtu akiuliza bei ya mkate hujibiwa kuwa Baba ni mkuu kuliko Mwana.

Ufumbuzi

Mwaka 362 Atanasi aliitisha mkutano Aleksandria. Hapo ilionekana kwamba baadhi ya waliogombana walikuwa na imani moja, ila walitumia maneno tofauti. Basili wa Kaisarea, Gregori wa Nazianzo na Gregori wa Nisa walisaidia kutenganisha maana: dhati ni moja, nafsi ni tatu. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulithibitisha imani ya Nisea na kukiri kwamba Roho Mtakatifu anaabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Baada ya hapo

Uario uliendelea nje ya mipaka ya dola. Wagothi waliupokea kwa njia ya askofu Wulfila, aliyewatafsiria Biblia, na Wavandali waliufuata walipotawala Afrika Kaskazini katika karne ya 5. Wavisigothi wa Hispania waliuacha rasmi mwaka 589.

Leo Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri na wengine wengi wanashika imani ya Nisea. Mashahidi wa Yehova, waliotokea Marekani katika karne ya 19, wanaukataa Utatu na kufundisha kwamba Mwana aliumbwa. Hawakutokana na Ario kihistoria, lakini wanatumia baadhi ya mistari ileile, na kujibiwa kwa mistari ileile.