Wali wa nani? Mapatano ya Tippu Tip na Leopold II, 1887

Anayesoma historia ya Ulaya ya kale hukutana mapema na mkataba wa 1295 kati ya Philip IV wa Ufaransa na John Balliol wa Uskoti. Adui yao alikuwa mmoja, Edward I wa Uingereza, na cheo chao kilikuwa kimoja: wote wawili waliitwa wafalme. Kila upande ulijua mwenzake ni nani. Urafiki huo ulifanywa upya mara nyingi, ukadumu hadi 1560.

Kongo ya mashariki nayo ina mapatano yake, ya karne ya 19, nayo hayakudumu hata miaka 7. Yanatuhusu sisi wanafunzi wa lugha, kwa sababu kiini chake ni neno moja la Kiswahili: wali.

Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, Henry Morton Stanley alitia saini kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji na mtawala wa Serikali Huru ya Kongo. Upande wa pili alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Mkataba ulimfanya wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Apandishe bendera ya Serikali Huru, azuie watu wasikamatwe utumwani pale na chini ya mto, na akubali kukaa na ofisa Mzungu. Naye angelipwa pauni 30 kwa mwezi na kuachiwa uhuru wa kufanya biashara yake.

Kila mmoja alikuwa na shida yake. Mwaka 1886 Leopold alikuwa amepoteza kituo cha Stanley Falls katika mapigano na watu wa Tippu Tip, wala hakuwa na nguvu ya kukirudisha. Zaidi ya hayo, Stanley alikuwa safarini kumwokoa Emin Pasha na alihitaji wapagazi. Tippu Tip naye aliona kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar hawezi tena kumlinda barani. Ilimpasa kutafuta bendera nyingine, au abaki bila yoyote.

Basi neno "wali" likawapatanisha. Lakini lilimaanisha nini?

Pwani, wali alikuwa naibu wa sultani katika mji. Alitoa hukumu, alikusanya ushuru, alilinda amani. Mamlaka yake yalitoka kwa sultani, lakini mjini mwake neno lake ndilo lililosikika. Hamed alikuwa ameishi hivyo Kasongo kwa miaka: kusimika machifu, kudai pembe, kuamua magomvi. Kwake, mkataba ulithibitisha kile alichokuwa nacho tayari.

Kwa serikali iliyokuwa na makao yake Boma, wali alikuwa mtumishi wa mshahara. Mtumishi hupewa kazi, husimamiwa, na siku moja huondolewa. Yule ofisa Mzungu aliyekaa kando yake ndiye aliyeonyesha maana hiyo ya pili.

Maana hizo mbili hazikugongana siku ya kutia saini. Ziligongana baadaye, kwenye pembe za ndovu. Philip na Balliol walikuwa na adui mmoja. Leopold na Tippu Tip walitamani mali moja. Stanley alimshtaki Tippu Tip Zanzibar kwa habari ya wapagazi, na mwaka 1890 Tippu Tip akashuka pwani, asirudi tena. Mwaka 1892 vita vikalipuka. Mwaka uliofuata askari wa Serikali Huru waliteka Nyangwe na Kasongo, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa. Kufikia 1894 hapakuwa tena na wali wa aina ile ya pwani. Watu wa vijiji, ambao hakuna aliyewauliza, walikuwa wamepokonywa pembe na watu wao chini ya bendera moja, kisha nyingine.

Kimoja kilichobaki ni lugha. Kiswahili chetu cha mashariki kiliitwa Kingwana, kutokana na waungwana, watu waliofuatana na wafanyabiashara hao. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Alifariki Zanzibar mwaka 1905.

Tangu Kanyabayonga ilipotekwa Juni 2024, sisi wa Lubero, Butembo na Beni tumezoea kusikia redioni maneno ya mapatano: kusimamisha mapigano, kuondoka, kurudi nyuma. Kila mara tungeuliza kama ilivyopasa kuuliza mwaka 1887: nani anaondoka, kutoka wapi hadi wapi, na nani atahakikisha? Neno ambalo pande zote hulikubali upesi huenda limekubaliwa kwa sababu kila upande umelisikia kwa maana yake. Kulifafanua kabla ya saini ni kazi ya mtu wa lugha, na anayelala njiani na godoro kichwani ndiye anayelipa kazi hiyo isipofanywa.