Paka wa ghala asilale nje

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wa nafaka wanamjua paka kama mlinzi asiyelipwa mshahara. Hupewa na jirani, hutupiwa mabaki ya chakula, na jioni mlango wa ghala unapofungwa yeye hubaki nje. Asubuhi moja haonekani tena. Mwenye ghala huanza kutafuta paka mwingine, na wakati huo panya wanaendelea kutoboa magunia.

Hasara hiyo inaepukika. Panya hutoka kutafuta chakula usiku. Kwa hiyo paka aliyefungiwa ndani ya ghala au duka usiku yuko kazini. Aliyeachwa nje anawinda mahali ambapo huna hata gunia moja, na huko ndiko kwenye hatari.

Hatari za nje

Ya kwanza ni sumu ya panya. Sumu nyingi zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda, na haziui papo hapo. Panya aliyeila huzurura siku kadhaa akiwa mlegevu, hivyo hukamatwa kwa urahisi. Paka akila panya wa namna hiyo mara kwa mara, sumu hujikusanya mwilini mwake hadi naye anavuja damu. Wewe unaweza kuwa hutumii sumu kabisa, lakini jirani yako anatumia.

Ya pili ni magari, pikipiki, mbwa na mapigano ya paka wenyewe. Paka aking'atwa na mnyama mwenye kichaa cha mbwa anaweza kuuleta ugonjwa huo nyumbani, akawauma au kuwaparura watoto.

Ya tatu ni vifaranga. Paka anayezurura akila vifaranga wa jirani, ugomvi huanza, na mara nyingi huishia kwa paka kutegewa sumu.

Hasara kwa wenye mbuzi

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni kwamba kinyesi cha paka kinaweza kusababisha mbuzi na kondoo kutupa mimba. Ugonjwa huo unaitwa toksoplasmosisi. Paka huupata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye vimelea, kisha huvitoa kwenye kinyesi. Akijisaidia juu ya majani makavu au pumba za mifugo, mbuzi mwenye mimba huvila. Mama mjamzito pia anaweza kuambukizwa, na mtoto aliye tumboni akadhurika.

Paka hutoa vimelea hivyo kwa wingi anapoambukizwa mara ya kwanza, kwa wiki moja hadi tatu, na mara nyingi akiwa bado mdogo. Kwa sababu hiyo, paka mmoja mzima mwenye afya ni salama zaidi kuliko kuzungukwa na watoto wa paka kila msimu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi sita hivi, na hubeba mimba kwa takriban miezi miwili. Mwombe daktari wa mifugo amfunge kizazi. Dume naye ahasiwe, maana dume aliyehasiwa hapendi sana kuzurura.

Ndege nao wana kazi

Paka wa nje hakamati panya peke yake. Hukamata pia mijusi na ndege, ambao hula wadudu. Ndege wengi wadogo hulisha makinda yao viwavi, wale wale wanaotafuna mboga zako. Nchini Marekani, watafiti walikadiria mwaka 2013 kuwa paka wanaozurura huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Jijini Canberra, Australia, sheria inataka kila paka aliyezaliwa kuanzia Julai 1, 2022 awekwe ndani au kwenye uzio wa mwenyewe muda wote.

Kwa wanaoishi karibu na mapori, kuna suala jingine. Paka wa nyumbani anatokana na paka pori wa jamii inayopatikana pia Afrika, na bado wanaweza kuzaliana. Paka wetu wakizurura huko, damu ya paka pori inachanganyika na mnyama halisi anapungua.

Namna ya kufanya

Mlishe jioni ndani ya ghala, saa ile ile kila siku, naye atakuja mwenyewe. Dhana kwamba paka mwenye njaa ndiye hodari si sahihi, kwani mwenye njaa huhama. Ugali mtupu haumtoshi. Mpe dagaa au vichwa vya samaki vilivyopikwa, na maji safi.

Weka beseni la mchanga au maranda mbali na nafaka. Ondoa kinyesi kila siku, kwa sababu vimelea huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kifukie mahali mifugo haifiki, na kazi hiyo asiifanye mama mjamzito. Funika chakula cha mifugo, na panga magunia juu ya chaga.

Usitumie sumu ya panya mahali paka alipo. Wala usimfungie kwenye ghala lililofukizwa dawa ya wadudu. Gesi yake inaua hata binadamu. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, na urudie kama daktari atakavyoelekeza.

Usimtegemee paka peke yake. Utafiti uliofanyika Swaziland (sasa Eswatini) na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa panya walipunguza kula kwenye kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja. Penye paka tu au mbwa tu, hapakuwa na tofauti na kaya zisizo na mnyama hata mmoja. Kwa hiyo ziba matundu, fagia nafaka iliyomwagika, na mwache mbwa alinde nje.

Jioni ya leo, kabla ya kufunga kufuli, hakikisha paka yuko upande wa ndani.