Mkutano Nao Huhesabiwa: Tuseme Wahandisi wa Dunia Wanakuja Songea

Mwanafunzi wa sekondari anapofundishwa kwamba mkondo wa umeme hupimwa kwa ampea, na msukumo wake kwa volti, ni nadra kujiuliza nani aliyeamua iwe hivyo. Vipimo hivyo havikuokotwa njiani. Vilikubaliwa mkutanoni, katika Kongamano la Kimataifa la Wataalamu wa Umeme lililofanyika Paris, Ufaransa, mwaka 1881. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na kipimo chao cha ukinzani na Waingereza walikuwa na chao, hata waya uliopimwa Berlin haukulinganishwa kwa urahisi na waya uliopimwa London.

Waliofika Paris ndio walioamua. Hapakuwa na mjumbe kutoka Ungoni, nasi hadi leo tunatumia vipimo vyao. Si kwamba vipimo hivyo ni vibaya, la hasha. Lakini tukio hilo latukumbusha jambo moja: katika kazi za sayansi na uhandisi, mengi huamuliwa na wale waliofaulu kufika mkutanoni. Basi, kupanga mkutano si kazi ya makarani peke yao. Ni kazi yenye hesabu, na ndani ya hesabu hiyo mna swali la haki.

Tuseme chama cha kimataifa cha wahandisi kimeazimia kuwakutanisha viongozi wake 200 mjini Songea. Mkutano huu ni wa kufikirika, lakini hesabu zake ni zile zile ambazo waandaaji wa kweli hulazimika kuzifanya.

Viongozi wasiolipwa

Vyama vya wahandisi viko vya namna nyingi. Shirikisho la Dunia la Vyama vya Wahandisi liliundwa mwaka 1968 mjini Paris, chini ya UNESCO. Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki, ijulikanayo kwa herufi IEEE, ilizaliwa Marekani mwaka 1963 kwa kuunganishwa vyama viwili, kimoja cha mwaka 1884 na kingine cha 1912. Nayo ina wanachama zaidi ya 400,000 duniani. Hapa Tanzania tunayo Taasisi ya Wahandisi Tanzania, iliyo chama cha hiari, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ni chombo cha Serikali kiongozwacho na Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Yafaa mwanafunzi asivichanganye viwili hivi: chama hukusanya, bodi husajili na kusimamia.

Viongozi wa matawi ya vyama hivyo kwa kawaida hawalipwi. Mchana wanafanya kazi za ajira katika viwanda, vyuo na mashirika. Jioni ndipo wanapoandika barua za chama. Kiongozi wa namna hiyo haamrishwi kusafiri, huombwa. Akiona kwamba safari itamgharimu kuliko uwezo wake, hatalalamika. Hatakuja tu, na tawi lake litakosa sauti.

Watu wa Songea si wageni wa jambo hili. Katika miaka ya 1960 Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokuwa na makao yake Litowa, kiliunganisha vijiji zaidi ya kumi vya watu waliojiunga kwa hiari. Wawakilishi wa vijiji walikutana kushauriana juu ya mashamba, shule na miradi yao, ukiwamo mradi wa mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969. Walakini kinatuonyesha kwamba umoja wa hiari hauna nguvu nyingine isipokuwa wanachama wake kukutana na kusikilizana.

Mahali: hesabu sahihi, uamuzi wenye mashaka

Swali la kwanza la mwandaaji ni hili: tukutane wapi? Wengi hujibu kwamba tuchague mahali ambapo jumla ya safari za wajumbe wote ni ndogo kuliko kwingine. Tulipime jibu hilo.

Tuchukue wajumbe 12: kumi wanakaa Dar es Salaam na wawili wanakaa Songea. Umbali kwa barabara tuuhesabu kuwa kilomita 950. Mkutano ukifanyika Dar es Salaam, jumla ya safari ya kwenda ni 2 × 950, yaani kilomita 1,900. Ukifanyika Songea, ni 10 × 950, yaani kilomita 9,500. Ukifanyika katikati ya njia, kila mjumbe husafiri kilomita 475, na jumla ni 5,700. Hesabu yasema Dar es Salaam, na itasema hivyo mwaka huu, mwakani na siku zote, maadamu walio wengi wanakaa huko. Wala haidhuru Songea iwe mbali kiasi gani. Kinachoamua ni wingi wa watu.

Sasa tuwatazame wale wawili. Baada ya mikutano mitano, kila mmoja wao atakuwa amesafiri, kwenda na kurudi, 2 × 950 × 5, yaani kilomita 9,500. Wenzao kumi hawajatoka nje ya mji wao. Hesabu haikukosea hata chembe. Lakini mzigo wote umewaangukia wawili. Haya ndiyo mambo ambayo jumla huyaficha, na mwanafunzi wa hisabati apaswa kuyafichua kwa kuuliza: nani anabeba nini?

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuzungusha mkutano, kila kanda ipate zamu. Ya pili ni kapu moja: nauli zote ziwekwe pamoja, kisha zigawanywe sawa kwa wajumbe wote. Katika mfano wetu, kila mmoja angelipia kilomita 1,900 ÷ 12, yaani zipatazo 158, awe anatoka karibu au mbali. Mkutano unabaki Dar es Salaam kwa unafuu wake, na wa Songea haonewi kwa nauli, ingawa uchovu wa safari utabaki kuwa wake.

Katika dunia swali hili ni hai. IEEE huwaita viongozi wa matawi yake yote katika kongamano maalumu, lililoanza Boston mwaka 1984. Huko wajumbe hujadili mapendekezo na kuyapigia kura, kisha hupelekwa kwa uongozi wa juu. Kongamano hilo lilifanyika Quebec mwaka 2008, San Francisco 2011, Amsterdam 2014, Sydney 2017 na Ottawa 2023. Hadi lile la Ottawa, lilikuwa halijapata kufanyika barani Afrika hata mara moja.

Wakati na njia ndefu

Songea mvua hunyesha kwa wingi kuanzia Desemba hadi Aprili. Tena, kila tarehe 27 Februari mji hupokea wageni wanaokuja kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, na nyumba za wageni hujaa. Basi Februari haifai. Mwanzo wa Julai ni kiangazi, ingawa wageni waonywe kuleta masweta, kwani mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Je, kazi ianze lini? Hapa wahandisi hutumia hesabu iliyotungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya miradi mikubwa. Kazi zote huorodheshwa, kila moja na muda wake. Kisha hutazamwa ni ipi isiyoweza kuanza kabla nyingine haijakwisha. Tuseme matawi yahitaji majuma 8 kuchagua wajumbe. Barua za mwaliko majuma 2. Viza majuma 10. Tiketi majuma 2. Kazi hizi zafuatana, kwa hiyo jumla ni majuma 22. Upande mwingine, kuandika ajenda ni majuma 3, kuitafsiri 4, kuipiga chapa 2, jumla 9. Pande hizi mbili zaweza kwenda pamoja. Njia ndefu ndiyo inayotawala: mpiga chapa akichelewa majuma matatu, hapana litakaloharibika, viza zikichelewa majuma matatu, mkutano umepata pigo. Tukiongeza majuma 4 ya akiba, tunapata 26, yaani nusu mwaka. Mkutano wa Julai huanza Januari.

Tuangalie tena kwamba njia ndefu haina urefu sawa kwa kila mjumbe. Mwenye pasi isiyodaiwa viza huruka hatua ya majuma 10. Mwandaaji anayetuma barua zake mwezi Mei hajamfungia mtu mlango, lakini kwa kweli amewachagua wajumbe wake bila kujua.

Umeme, chai na usafiri

Kwa miaka mingi Songea ilipata umeme wa mitambo ya dizeli iliyojitegemea, mbali na gridi ya Taifa. Mwaka 2018 ilikamilika njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, yenye urefu upatao kilomita 250. Hata hivyo mwandaaji mwangalifu huwa na jenereta ya akiba. Iwe kubwa kiasi gani? Taa kilowati 3, vipaza sauti 2, mitambo ya picha na mawasiliano 3, kompyuta 200 za wati 60 kila moja ni kilowati 12, na mabirika manne ya kilowati 3 ni 12. Jumla kilowati 32. Jenereta hupimwa kwa kilovolti-ampea. Kwa kigezo cha 0.8 tunapata 32 ÷ 0.8 = 40. Tukiongeza robo ya akiba, jenereta iwe ya kilovolti-ampea 50.

Wageni waonywe kuhusu vyombo vyao. Birika lililotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, lenye nguvu ya wati 1,200, lina ukinzani wa 120² ÷ 1,200, yaani omu 12. Likichomekwa kwenye volti 230 za kwetu, litajaribu kutoa 230² ÷ 12, zaidi ya wati 4,400. Litaungua kabla ya chai kuwa tayari.

Na hiyo chai yenyewe ina hesabu. Mapumziko ni dakika 30. Meza moja ikihudumia watu 6 kwa dakika, watu 200 watahitaji dakika 33. Wa mwisho hapati kikombe. Meza nne zahitaji dakika zipatazo 8 tu, na dakika 22 zilizobaki ndizo ambazo mhandisi wa Ruvuma atazungumza na mwenzake wa Ghana. Mara nyingi mambo makubwa ya mkutano huanzia kwenye kikombe.

Usafiri kadhalika. Ndege ya viti 76 yahitaji safari tatu kuwaleta wageni 200. Basi kutoka Dar es Salaam, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, lahitaji karibu saa 16 za barabarani. Yafaa walale Iringa au Makambako.

Safari isipowezekana

Mwaka 2021 kongamano la IEEE la bara letu, liitwalo AFRICON, lilikuwa zamu ya Arusha. Hilo ni la kusoma matokeo ya utafiti, si la viongozi wa matawi, lakini latufundisha. Kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, lilifanyika kwa njia ya mtandao. Hapo nauli na viza viliondoka. Likaja swali jipya, nalo ni saa.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Mwezi Julai, ikiwa Songea ni saa 9 alasiri, Toronto ni saa 2 asubuhi, Vancouver saa 11 alfajiri, Tokyo saa 3 usiku na Sydney saa 4 usiku. Hapana saa iliyo njema kwa wote. Kwa hiyo hata mtandaoni hapana budi kuzungusha: leo akeshe huyu, kesho akeshe yule.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Mkutano wa kimataifa waweza kuonekana mbali na darasa la Songea, Mbinga au Tunduru. Lakini hesabu ni ile ile kwa mkutano wa vyama vya sayansi vya shule tatu. Mwalimu awape wanafunzi kazi ya kuupanga mmoja wa kweli: mahali, siku, nauli, chai na umeme. Wakimaliza, wasiishie kwenye jumla. Waulize ni shule gani imebeba mzigo mkubwa, na ni sauti ya nani isiyosikika kwa sababu hakuweza kufika. Atakayezoea kuuliza hivyo akiwa Kidato cha Tatu, siku moja akiwa kiongozi wa chama cha wahandisi hatasahau kuuliza.

Maswali ya kujipima

1. Wajumbe 6 wako Mbinga, 3 Songea na 4 Tunduru. Chukua Mbinga hadi Songea kuwa kilomita 100, na Songea hadi Tunduru 260, barabara ikipita Songea. Ni mji gani wenye jumla ndogo ya safari? Nauli zikitiwa katika kapu moja, kila mjumbe atalipia kilomita ngapi?

2. Watu 150 wana mapumziko ya dakika 20, na meza moja huhudumia watu 6 kwa dakika. Tunataka kila mtu abakiwe na dakika 15 za mazungumzo. Ziwekwe meza ngapi?

3. Tafuta saa ya mkutano wa mtandaoni ambayo Songea, Toronto na Tokyo zote zitakuwa kati ya saa 1 asubuhi na saa 4 usiku.