Jina la Obama na Bibi Aliyehifadhi Nasaba



Sisi watu wa mwambao tumezoea kumuuliza mgeni, "Wewe mtoto wa nani?" Ajibuye kwa jina la Mazrui au Jamal al-Layl hana haja ya kuongeza neno. Lakini mwenye jina lisilojulikana ataipata wapi asili yake? Wiki hii tumeitafuta jawabu mbali na bahari, katika nchi ya Wajaluo, kando ya Ziwa Viktoria.

Magharibi ya Kisumu iko Bondo, nyumbani kwa marehemu Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya. Kwa mila ya huko, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, nalo hufuatwa na la babake. Oginga alikuwa mwana wa Odinga, na Odinga mwana wa Raila. Jaramogi alipopata mwana mwaka 1945, alimwita Raila, kwa jina la babu yake. "Odinga", ambalo leo ni jina la nyumba nzima, lilikuwa jina la mtu mmoja tu.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Siaya kipo kijiji cha Nyang'oma Kogelo, kwao Obama. Jina hili walimwengu walilizoea mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa Rais wa Marekani. Babake naye aliitwa Barack Hussein Obama. Tukilisoma jina hilo kwa desturi yetu, ni Baraka bin Hussein bin Obama. La kwanza ni lake, nalo asili yake ni Kiarabu. La pili ni la babake, Hussein Onyango, Mjaluo aliyesilimu. La tatu ni la babu yake. Kijana huyo alisafiri mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii, na kwa desturi ya ugenini jina la mwisho likahesabiwa kuwa la ukoo. Mwanawe aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 akalirithi. Onyango, jina la aliyezaliwa jua la asubuhi likiwa limepanda, likabaki kijijini.

Nani basi aliyeihifadhi nasaba? Ni Mama Sarah, mke wa Hussein Onyango. Mjukuu alipofika Kogelo mara ya kwanza, katika miaka ya 1980, bibi alimhesabia mababu mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Ogelo, na Kogelo maana yake ni kwa Ogelo. Alikuwamo Opiyo, jina la pacha atanguliaye kuzaliwa. Obama lenyewe hunasibishwa na neno la Kijaluo lenye maana ya kupinda au kuinama.

Mama Sarah hakumzaa Barack mkubwa, bali alimlea. Mamake mzazi ni Habiba Akumu. Katika silsila ile ya wanaume, wanawake hawa wawili hawamo, ilhali aliyeihifadhi kifuani ni mmoja wao. Mama Sarah alifariki tarehe 29 Machi 2021, akazikwa Kogelo siku ya pili yake kwa taratibu za Kiislamu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwanasibisha watoto na baba zao. Nasi kwetu, Ali Said Omar akipata mwana, huandikwa Juma Ali Said, na Omar akaanguka. Kila kizazi kikija, jina moja huondoka katika karatasi, likabaki vinywani mwa wazee. Na mzee akifa, huzikwa nalo.

Kwa hiyo, dada zetu na mama zetu, kabla ya Ijumaa ijayo mketisheni bibi, mumuulize majina saba ya juu, na kila moja lilitolewa kwa sababu gani. Waandikeni na kina mama waliozaa, kwani nao wana haki ya kukumbukwa na kuombewa dua.

Wabillahi tawfiq.