Ridhaa ya mzazi si saini tu

Ndugu msomaji, Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni una sura moja tu, yenye aya 25. Leo nakuomba utulie kwenye aya ya 14. Paulo yuko kifungoni, na Onesimo, mtumwa wa Filemoni, yuko pamoja naye akimhudumia. Paulo angependa abaki naye. Mamlaka anayo, na Filemoni ana deni kwake la kiimani. Hata hivyo hataki kutenda neno lolote kabla Filemoni hajaridhia, ili wema wake utoke moyoni, usiwe wa kulazimishwa.

Aya hiyo inatufundisha namna ya kuomba ridhaa ya mtu. Nikitafakari jambo hili, nawafikiria ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili huko Marekani, wakiwamo wakimbizi wengi kutoka Kongo. Miongoni mwao wapo wazazi wa watoto wenye ulemavu, na kuna fomu moja ambayo shule huwaletea.

Tangu 1975 sheria ya Marekani inazitaka shule za umma zimpatie kila mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bila malipo. Ndani ya elimu hiyo zimo huduma kama mazoezi ya kuzungumza, mazoezi ya viungo na uangalizi wa muuguzi. Gharama zake ni kubwa. Ndiyo maana sheria ya 1988 iliweka wazi kwamba shule zinaweza kurejeshewa sehemu ya gharama hizo na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Lakini ili shule idai fedha hizo, ni lazima ipeleke taarifa za mtoto: jina lake, huduma aliyopewa na tarehe. Hapo ndipo ridhaa ya mzazi inapohitajika.

Sasa mfikirie mama aliyekimbia vita. Kwake, karatasi yenye jina la mwanawe na neno "serikali" si jambo dogo. Anajiuliza: nisiposaini, mwanangu atanyimwa huduma? Nikisaini, nitadaiwa fedha? Sheria inamjibu. Asiposaini, shule bado inawajibika kumhudumia mtoto bure. Akisaini, hatatozwa chochote kwa huduma hizo, wala shule hairuhusiwi kuitumia bima hiyo kwa namna itakayopunguza haki ya mtoto ya kutibiwa. Anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Tena anapaswa kuelezwa kwa lugha yake, inapowezekana. Tangu 2013 ridhaa hii huombwa mara moja, kisha mzazi hukumbushwa haki zake kwa maandishi kila mwaka.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini yakibaki kwenye karatasi ya Kiingereza hayamfikii mama huyu. Atasaini kwa kumheshimu mwalimu, au atakataa kwa hofu, na shule ikose fedha ambazo zingesaidia watoto. Hata akisaini, ridhaa yake haijapatikana, kwa sababu hajui alichokubali.

Mpendwa msomaji, usidhani hayo ni ya Marekani tu. Hapa kwetu pia mtoto huleta fomu ya chanjo, ya kupimwa macho, ya bima au ya safari. Mara ngapi tumeisaini tukiwa tumesimama mlangoni, huku gari la shule likipiga honi? Na mara ngapi tumeikataa kwa sababu ya maneno ya mtaani, bila kumuuliza mwalimu wala mganga?

Mtoto tumekabidhiwa na Mungu. Kabla ya kusaini kwa niaba yake, uliza: taarifa zake zitakwenda kwa nani? Nani atalipa? Nikikataa, atapoteza nini? Naweza kubadili uamuzi wangu? Anayeuliza hivyo hamdharau mwalimu. Anatimiza wajibu wa mzazi.

Nanyi walimu, wauguzi na wazee wa kanisa, ninyi mnaoomba ridhaa za watu, mfuateni Paulo. Msitumie cheo wala haraka. Elezeni, sikilizeni, mpeni mzazi nafasi ya kusema hapana bila kumkunjia uso.

Kanisa nalo lina kazi hapa. Katika kila usharika wapo wenye elimu, na wapo wazazi wanaoona haya kusema kwamba hawakuelewa. Baada ya ibada leo, kaa dakika kumi na mzazi mmoja mwenye fomu mfukoni. Msomee, mweleze, kisha mwachie kalamu aamue mwenyewe.

Nakutakia Jumapili njema.