Reflekta: kifaa kidogo kinachomrudishia dereva mwanga wake

Jua linapotua nyuma ya milima ya Rwenzori, barabara itokayo Kasese kuelekea Bwera haipumziki. Malori ya mizigo yanaendelea kwenda mpaka wa Mpondwe, na bodaboda, baiskeli na watembea kwa miguu hutumia njia hiyohiyo. Karibu na Kikorongo, ambako barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, giza ni totoro.

Lori likiharibika usiku, madereva wengi wa Afrika Mashariki hukata matawi na kuyatandaza barabarani kama onyo. Mchana desturi hiyo inafaa. Usiku ina kasoro, na sababu yake iko katika tabia ya mwanga.

Njia tatu za kuakisi

Kitu huonekana pale mwanga unapokigonga na kurudi hadi machoni. Jani la mti hutawanya mwanga huo pande zote, hivyo dereva hupata sehemu ndogo tu. Kioo cha kawaida hakitawanyi. Mwale huondoka kwa pembe ileile uliyoingilia. Kwa hiyo taa ikikipiga kwa upande, mwanga huruka upande wa pili na dereva haoni kitu.

Reflekta hufanya jambo la tatu: humrudishia mwanga yule aliyeutuma. Ndani ya plastiki yake nyekundu au ya rangi ya chungwa mmepangwa vijipembe vingi, kila kimoja kikiwa na nyuso tatu zilizokutana kama kuta mbili na sakafu kwenye kona ya chumba. Mwale huguswa na nyuso hizo zote, kisha hugeuka na kurudi ulikotoka. Alama za barabarani na rangi ya mistari ya lami mara nyingi hutumia punje ndogo za kioo kwa kazi hiyohiyo.

Macho ya fisi na chui hung'aa mbele ya taa za gari kwa sababu inayokaribiana na hiyo: nyuma ya jicho mna tabaka linalorudisha mwanga. Mwaka 1934, Mwingereza Percy Shaw alisajili hataza ya vioo vya kupachikwa katikati ya barabara, vilivyopewa jina la "macho ya paka". Mwaka 1969, wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini reflekta yenye vijipembe 100. Hadi leo wanasayansi huirushia miali ya leza na kupima umbali wa mwezi, ambao kwa wastani ni kilomita 384,400.

Sekunde mbili

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva anayeyaona matawi yakiwa mita 40 mbele yake ana muda usiofika sekunde mbili. Pembetatu ya tahadhari yenye reflekta, ikiwekwa mbali nyuma ya lori, huonekana mapema zaidi na kumpa nafasi ya kupunguza mwendo.

Hata hivyo, reflekta haina mwanga wake yenyewe. Haimsaidii mtu mbele ya gari lisilo na taa, na ikifunikwa na tope au vumbi, mwanga haufiki ndani wala hautoki. Mikwaruzo na nyufa nazo huipunguzia nguvu. Kizibao cha mwendesha bodaboda kilichochakaa hubaki na rangi kali ya mchana, lakini mikanda yake ya kuakisi huwa imekufa.

Kuipima ni rahisi. Usiku, simama hatua 30 hivi kutoka kwenye baiskeli, lori au kizibao, ukiwa umeshika tochi kando ya jicho, si kifuani, kwa kuwa mwanga hurudi karibu kabisa na ulikotoka. Ikiwaka, inafanya kazi. Isipowaka, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kisha jaribu tena. Ikikataa mara ya pili, wakati wa kuibadilisha umefika.