Ruzuku, Ombi na Andiko: Maelezo juu ya Kuomba Fedha za Miradi ya Vyuo Vikuu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki kinavyoweza kuomba fedha za mradi katika mifuko ya kimataifa ya elimu ya juu. Huenda msomaji akashangaa kuikuta habari hiyo katika kurasa za watu wa lugha, maana kwa desturi kazi hiyo huachiwa wahasibu na maofisa wa mipango. Walakini, kwa kadiri nilivyoona, maombi mengi yaliyokataliwa hayakukataliwa kwa ajili ya hesabu. Yalikataliwa kwa sababu waandishi wake hawakuelewa ni maandishi ya namna gani wanayotakiwa kuandika, na kosa hilo, nadhani, lilianzia katika majina tunayoyatumia.

Neno la kwanza ni *ruzuku*. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa *riziki*. Mwenyezi Mungu huwaruzuku viumbe wake wala hawadai taarifa ya matumizi. Mwenye kutoa fedha naye tumemwita *mfadhili*, yaani mtenda fadhila, na fadhila hailipwi kwa mkataba, hulipwa kwa shukrani. Kile tunachompelekea tumekiita *ombi*. Basi mtu aliyekaa mezani na maneno hayo matatu kichwani mwake, si ajabu akiandika kama mhitaji aliyesimama mlangoni: ataeleza umaskini wa chuo chake, atamsifu mwenye mali, kisha atataja kiasi. Watu wa mipango wameanza kusema *andiko la mradi* badala ya *ombi*, nami naona wamefanya vyema, ijapokuwa neno lenyewe ni pana mno. Angalau halipigi magoti.

Ili tusizungumze hewani nitachukua mfuko mmoja kuwa mfano, nao ni ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+. Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa ajili ya kuwapeleka wanafunzi wa Ulaya kusoma katika nchi nyingine za huko huko. Mwaka 2014 uliunganishwa na mipango mingine, ndipo alama ya kujumlisha ilipoongezwa katika jina lake. Katika awamu ya miaka 2021 hadi 2027 limo fungu la kujenga uwezo wa elimu ya juu, na nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zimo ndani yake. Fungu hilo lina madaraja matatu. La kwanza ni la vyuo vyenye uzoefu mdogo, na hutoa kati ya euro 200,000 na 400,000. La pili hutoa kati ya 400,000 na 800,000. La tatu, ambalo hulenga mageuzi ya mfumo wa elimu wa nchi nzima na huhitaji wizara iwemo, hutoa kati ya 600,000 na 1,000,000. Miradi ya madaraja mawili ya kwanza huchukua miaka 2 au 3. Ya daraja la tatu, miaka 3 au 4.

Fedha hizo hutolewa kwa jumla. Mtoaji hachungulii stakabadhi ya kila safari. Huuliza kama kazi iliyoahidiwa imefanyika. Mradi hugawanywa katika mafungu ya kazi, kila fungu likiwa na bei yake, na fungu lisilotimizwa bei yake hailipwi. Mwenye kufahamu mapatano ya fundi wa jahazi atalielewa jambo hili upesi kuliko mwenye kufikiri juu ya sadaka. Fundi hakuambii kwamba ana watoto wengi na nyundo yake imevunjika. Hukuambia jahazi litakuwa la urefu gani, ubao utatoka wapi, nani atashika msumeno, na lini utalishusha majini. Ukikubali, mmeagana. Andiko la mradi ni maneno ya fundi huyo.

Sasa tuangalie linavyopimwa. Watathmini wana alama 100: 30 kwa umuhimu wa mradi, 30 kwa mpango wa kazi, 20 kwa ubora wa ushirikiano, na 20 kwa mambo yatakayobaki baada ya fedha kwisha. Lisilofikia alama 60 huwekwa kando. Kama msomaji aonavyo, umuhimu peke yake una karibu theluthi ya alama zote, na hapo ndipo waandishi wetu huteleza, kwa kuwa hudhani umuhimu wa Kiswahili hauhitaji kuthibitishwa.

Tuseme vyuo vitatu, kimoja cha Dar es Salaam, kimoja cha Bujumbura na kimoja cha Bukavu, vinataka kuanzisha shahada ya ukalimani wa Kiswahili. Andiko la namna ya kwanza lingesema: "Kiswahili ni lugha yenye wasemaji wengi na inakua kwa kasi duniani. Vyuo vyetu havina vifaa vya kutosha. Kwa hiyo tunaomba kusaidiwa maabara ya lugha." Hakuna uongo katika maneno hayo, lakini hakuna hoja pia. Wingi wa wasemaji haumlazimishi mtu ye yote kujenga maabara.

Andiko la namna ya pili lingeanza hivi: "Mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliikubali lugha ya Kiswahili iwe miongoni mwa lugha zake za kazi, na katika mwaka huo huo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Mikutano ya jumuiya hizo huhitaji wakalimani wa kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa na Kiingereza, na kutoka lugha hizo kuja katika Kiswahili. Vyuo vyetu vinafundisha isimu na fasihi. Hakuna hata kimoja kinachowazoeza wanafunzi kukalimani papo kwa papo." Kisha zingefuata hesabu ambazo chuo cho chote kinaweza kuzipata katika madaftari yake: wahitimu wa miaka mitano iliyopita ni wangapi, wangapi kati yao wanaishi kwa kazi ya kufasiri, walijifunzia wapi, na waajiri wao wanalalamikia nini. Maabara itatajwa, lakini mahali pake, yaani baada ya tatizo kuonekana na baada ya kuonyeshwa kwamba dawa yake haipatikani pasipo chombo hicho.

Hapa pana jambo moja ambalo watu wa lugha hawana budi kulitazama kwa makini kuliko mengine. Watoaji wa fedha hupambanua vitu vitatu ambavyo sisi, katika mazungumzo ya kawaida, huviita vyote *matokeo*. Kuna kitu kilichotengenezwa na mradi: mtaala, kitabu, chumba cha mafunzo. Kuna badiliko katika matendo ya watu kwa sababu ya kitu hicho: walimu wanafundisha kwa njia nyingine, wahitimu wanafaulu mitihani ya waajiri. Halafu kuna hali ya mbali inayofuata baada ya miaka: mikutano inaendeshwa kwa Kiswahili bila kusitasita. Niliwahi kuletewa rasimu ya vyuo nisivyovitaja, iliyoandikwa kwanza kwa Kiswahili kizuri, ambamo neno *matokeo* lilisimama mahali pa vyote vitatu. Mfasiri, kwa uaminifu wake, alitumia neno moja la Kiingereza mara zote. Watathmini waliandika kwamba waombaji hawatofautishi kazi na faida ya kazi. Waombaji walikuwa wanatofautisha vizuri sana. Waliponzwa na msamiati.

Nini kifanyike? Kwa kitu kilichotengenezwa, *zao* latosha, na limekwisha kutumika katika hati kadha wa kadha. Kwa jambo la pili wengi hubakiza *tokeo*. Mimi napendelea *badiliko*, kwa sababu humlazimisha mwandishi kujiuliza ni nani aliyebadilika. Ugumu uko katika la tatu. Neno linaloenea ni *athari*, ambalo kwa Kiarabu ni alama iliyoachwa, kama unyayo katika mchanga. Lakini masikioni mwa Mswahili athari huja na mafuriko na maradhi. Mtu akisoma "athari za mradi wetu kwa wanafunzi" aweza kuwahurumia wanafunzi. Wako wanaosema *taathira*, na hilo halina lawama hiyo, ila halijulikani na wengi. Ningeshauri litumike hilo pamoja na maelezo mafupi mara ya kwanza, kuliko kuandika athari na kutumaini msomaji ataielewa kwa wema.

Mapambano hayo hayo yamo katika jedwali la mantiki, karatasi ambayo ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la USAID, na ambayo imeenea tangu wakati huo katika miradi ya kila aina. Jedwali hilo lina safu nne: tunachokusudia, kiashiria cha kukipima, mahali ushahidi utakapopatikana, na mambo tunayoyategemea yaliyo nje ya uwezo wetu. Safu ya nne ndiyo inayoonyesha kama mwandishi anaijua nchi yake. Mwandishi mvivu huandika "hali ya siasa itakuwa tulivu". Mwandishi mwenye kujua huandika kwamba mtaala mpya sharti upitishwe na seneti ya chuo na baadaye na mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vikuu, kwamba hatua hizo huweza kuchukua miezi mingi, na kwamba kwa hiyo kazi ya kuandika mtaala imewekwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. (Neno *mradi* lenyewe, tukilirudisha katika maana yake ya zamani, ni kusudi au jambo linalotakiwa. Jedwali hili linatukumbusha kwamba kusudi lisilo na tarehe halipimiki.)

Sharti za ushirikiano ni rahisi kuzieleza. Lazima wawemo washirika kutoka nchi zaidi ya moja za Ulaya, na idadi ya vyuo vya nje ya Ulaya isipungue ile ya vyuo vya Ulaya. Chuo cha Afrika chaweza kuwa mratibu. Pamoja na ruhusa hiyo, mara nyingi kalamu hushikwa na mshirika wa Ulaya kwa kuwa amezoea, na vyuo vyetu huletewa karatasi ya kutia sahihi siku chache kabla ya mwisho. Siwalaumu wenzetu. Lakini mtu wa mbali hawezi kuandika safu ile ya nne.

Sababu inayotolewa kwa kumwachia kalamu ni lugha, na sababu hiyo haifai kupuuzwa. Andiko hupokewa kwa lugha yo yote kati ya lugha 24 rasmi za Umoja wa Ulaya. Kiswahili si mojawapo. Katika mfano wetu, mwalimu wa Dar es Salaam huandika kwa Kiingereza na wenzake wa Bujumbura na Bukavu kwa Kifaransa, na kila upande husoma rasimu ya mwenzake kwa shida, ukaitikia kwa adabu. Lakini wote watatu wana lugha moja. Kiswahili cha Bukavu hakifanani kabisa na kile cha Dar es Salaam, hilo twalijua. Hata hivyo walimu wa Kiswahili hawahitaji mkalimani kati yao. Naona basi kwamba rasimu ya kwanza, ile inayoeleza tatizo, nani anaumia, na kazi ipi atafanya nani, iandikwe kwa Kiswahili, ijadiliwe kwa Kiswahili mpaka watu wagombane juu yake, ndipo ifasiriwe. Gharama yake ni majuma mawili zaidi. Kwa sharti la yale maneno matatu kutenganishwa tangu mwanzo.

Juu ya fedha nitasema machache. Umoja wa Ulaya hulipa si zaidi ya asilimia 90 ya gharama zilizokadiriwa, na inayobaki ni juu ya washirika wenyewe. Gharama za umeme, ofisi na uendeshaji huhesabiwa kwa asilimia 7 tu ya gharama za moja kwa moja. Mkuu wa fedha aambiwe jambo hilo kabla ya kuandika, asije akalisikia baada ya mkataba. Kila chuo huhitaji namba ya utambulisho yenye tarakimu 9. Kabla ya kuiomba, ulizeni vitivo vingine kama chuo hakijaandikishwa tayari, maana chuo kimoja chenye namba mbili ni mwanzo wa matata.

Kuhusu saa, nimeona watu wazima wakikosea. Kwa miaka kadhaa siku ya mwisho imekuwa katika mwezi wa Februari, saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Wakati huo Dar es Salaam ni saa 1 usiku, na Bujumbura na Bukavu ni saa 12 jioni. Mitambo ya kupokea maandiko haijui msamaha wa dakika tano, na jioni hiyo watu wa nchi nyingi huwa wanaipigania kwa pamoja. Andiko na lipelekwe siku mbili kabla. Linaweza kurekebishwa na kupelekwa tena maadamu mlango haujafungwa.

Baada ya miezi kadhaa huja barua yenye alama na maelezo ya watathmini. Likiwa limekataliwa, barua hiyo isitupwe wala isifichwe kwa haya. Isomwe na washirika wote, kila lawama iandikwe pembeni mwa aya iliyoileta, na kazi ya rasimu ya mwaka unaofuata ianzie hapo.